Kijana wa Sayansi na Mto Wake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Bandari ya Juba)



Mtu akishuka Bandari ya Juba asubuhi huyaona matishali yakipakiwa shehena, na wavuvi wakitoa sangara na perege mashuani. Kila mmoja hapo aujua mto kwa kadiri ya kazi yake: nahodha ajua fungu la mchanga lilipo, mchuuzi ajua samaki huadimika majira gani. Lakini yako maswali ambayo hata nahodha mzee hawezi kuyajibu. Ni maji kiasi gani yapitayo hapa kwa mwaka? Samaki hawa huzalia wapi? Ni maradhi gani yaingiayo nyumbani pamoja na ndoo ya maji? Hayo yataka mtu aliyefundishwa kupima, naye ndiye makusudio ya hotuba hii: kijana aliyemaliza shahada ya kwanza ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Juba, cheti mkononi, asijue abishe mlango upi.

Chuo chenyewe kimeonja uhamisho. Kiliundwa mwaka 1975, kikapokea wanafunzi mwaka 1977, na tangu mwanzo kilikuwa na kitivo cha maliasili na mazingira. Mwaka 1989 vita vilikihamishia Khartoum, nacho hakikurudi kwa ukamilifu ila baada ya amani ya 2005 na uhuru wa 2011. Kiliporudi, walimu wengi waliokuwa wenyeji wa kaskazini walibaki kwao. Basi pengo lile ndilo nafasi ya kijana wa leo.

Mlango wa kwanza umo chuoni humo humo. Kwa desturi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Sudan, mwanafunzi aliyefaulu vizuri huweza kushikwa awe mwalimu msaidizi. Asimamie majaribio ya maabara, asahihishe daftari, kisha aende kutafuta shahada ya pili. Cheo hiki hudharauliwa kwa kuwa mshahara wake ni mdogo tena huchelewa, na si ajabu kijana akiona rafikiye anaendesha gari la shirika la kigeni akavutika. Hata hivyo, asiyepitia kazi hii ni shida kuwa mtaalamu, maana hapo ndipo mtu anapojifunza kukosea na kurudia kipimo pasipo kuona haya.

Mlango wa pili uko nje. Zamani jamaa nyingi za Kiislamu za Juba zilipeleka watoto wao Khartoum, kwa kuwa lugha ilikuwa moja. Lakini vita vilivyozuka huko Aprili 2023 viliwafungia wengi njia hiyo. Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na upande huu wa kusini kuna Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama skuli ya ufundi; kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988; na huko Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, inayofundisha sayansi kwa shahada za juu tu. Kwa mabinti, jumuiya ya wanawake wa sayansi wa nchi zinazoendelea, yenye makao Trieste, Italia, kwa miaka mingi imewagharimia wanawake wa nchi maskini wasome shahada ya udaktari katika nchi nyingine inayoendelea. Mzazi anayechelea kumpeleka binti yake Ulaya hana haja ya kumpeleka Ulaya.

Kwa nini jambo hili ni zito kwa watu wa bandari? Mwaka 1978 ulianza kuchimbwa mfereji wa Jonglei, ili maji yapite kando ya kinamasi cha Sudd, ambamo yapata nusu ya maji ya mto huu hupotea hewani, yafike kaskazini kwa wingi. Vita vilivyoanza mwaka 1983 vikaukomesha. Kiongozi wa vita hivyo, John Garang, aliyepata kusoma Dar es Salaam, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari juu ya nchi ya Jonglei katika chuo cha Iowa, Marekani, mwaka 1981. Ampendaye na asiyempenda watakubaliana kwamba juu ya mfereji ule hakusema kwa kusikia.

Mwaka 2022 jambo lilirudi kwa sura nyingine. Mitambo ya kuchimbua mito ilifika Bentiu. Profesa John Akec, aliyekuwa wakati huo mkuu wa Chuo cha Juba, akaongoza pingamizi. Na mwezi wa Julai Rais Salva Kiir akaisimamisha kazi mpaka ufanywe uchunguzi wa kitaalamu. Sasa uchunguzi huo ni wa nani? Wakikosekana wenyeji wa kupima, watakuja wageni na mizani zao, nao watu wa bandari watasomewa majibu.

Waislamu wa pwani waliwahi kulifikiri jambo la namna hii. Chuo cha Kiislamu cha Mombasa, kilichopokea wanafunzi mwaka 1951 kufundisha ufundi, kilijengwa kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamaa wa Bohora pamoja na fedha za serikali. Leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Juba haina sultani. Lakini kijana aliyekwisha kukubaliwa Kampala mara nyingi hukwama kwa mambo madogo: ada ya pasi, nauli ya basi, kodi ya chumba ya miezi miwili ya mwanzo. Wafanyabiashara watano wa sokoni waweza kulibeba hilo kwa mkopo usio na riba, urudishwe kidogo kidogo mwenyewe apatapo kazi.

Tena maombi ya nafasi hizi hujazwa kwa kompyuta, na umeme si wa kila nyumba. Chumba kimoja chenye meza, taa na kompyuta mbili, na mwalimu mmoja wa chuo akubaliye kuja jioni kuzisoma barua kabla hazijapelekwa, chatosha kuanzia. Na mabinti watengewe saa zao, kabla ya Magharibi.