Kadi za Idd Tuzianze Mapema
(Mawaidha kwa vijana baada ya futari, Uthiru)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zangu katika Imani, wazazi wetu na wadogo zetu wa madrasa, tumshukuru Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena Ramadhani. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Nimeombwa nizungumzie kadi za Idd. Najua wengine mnacheka, manake leo ni tarehe 3 Ramadhani tu na huyu ashaanza mambo ya Idd! Hebu nivumilieni kidogo.

Mwaka jana tulianza usiku wa 28. Tulikuwa watano, tumechoka, kila mmoja akitaja jina linalomjia kichwani. Tukaandika kadi 12, Idd ikapita, tukajisifu. Wiki iliyofuata nikakutana na ndugu yetu mmoja hapa steji. Yeye alisilimu akiwa chuoni, na watu wa kwao wote si Waislamu. Nikamuuliza Idd ilikuwaje. Akatabasamu, akasema, "Nilipata salamu moja kwenye simu. Ya kampuni ya simu."

Huyu husimama nasi safu moja katika tarawehe! Nikaenda kuangalia daftari letu. Wote 12 ni watu ambao wangepata salamu hata bila sisi.

Hilo ndilo funzo nililokuja nalo. Ukiwa na haraka unamkumbuka anayekukumbuka. Asiye na mtu hakujii mpaka utulie.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Kwanza, katika kumi hili la mwanzo tuandike orodha: tuanze na waliosilimu, wajane, wazee wasiotoka nyumbani, wagonjwa, na wanafunzi walio mbali na kwao. Jamaa na viongozi wafuate. Pili, kumi la kati tutengeneze kadi. Si lazima za kununua mjini. Karatasi za manila na kalamu za rangi zatosha, watoto wa madrasa wachore. Ndani tuandike jina la mtu, na ile dua ya masahaba, Taqabbala Allahu minna wa minkum, yaani Allah atutakabalie sisi na nyinyi. Tatu, ifikapo tarehe 20 kazi iwe imekwisha. Kumi la mwisho ni la kutafuta Lailatul Qadri, si la gundi na mkasi.

Za mbali zitangulie. Hapa Kenya barua nyingi huishia kwenye sanduku la posta, na mwenyewe hulifungua akipata nafasi. Andikeni nambari ya sanduku, mji na msimbo wa posta. Wetu wa Uthiru ni 00605. Na Idd haina tarehe moja kama Krismasi: mwezi ukiandama baada ya saumu 29, siku mliyoitegemea imeondoka. Za karibu tuzipeleke kwa mkono, tuketi kidogo na mwenyewe.

Kuna atakayesema WhatsApp yatosha. Salamu ni salamu, na Surat An-Nisaa aya ya 86 yatufundisha kuijibu kwa iliyo bora au mfano wake. Lakini picha moja ukiwatumia watu 200, hakuna aliyeketi akamfikiria yeyote kati yao.

Daftari liko hapa mbele. Jina la kwanza nimeshaliandika. Nawe kabla hujatoka, ongeza moja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.