Taa ya Ndani na Macho ya Dereva

(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva, makanga na mataniboi, Gongoni)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Tumekuja kusema habari ya swichi moja ndogo iliyo juu ya kichwa cha dereva.

Sisi tubebao chumvi twaijua barabara hii ya Marereni, Gongoni na Mambrui mpaka daraja la Sabaki. Usiku hupita pembeni wenzetu watokao kazini kwenye mabwawa ya chumvi, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli zisizo na taa. Usiku mmoja, lori likienda, taniboi wetu aliwasha taa ya ndani atafute karatasi za mzigo. Mara ile kioo cha mbele kikageuka kioo cha kujitazamia: tuliona nyuso zetu, barabara hatukuiona. Mwenye baiskeli tulimwona amekwisha fika mbele ya bampa. Alijitupa majanini akapona. Baiskeli haikupona.

Sababu ni mbili. Kwanza, mwanga wa ndani hupiga kioo ukarudi machoni. Pili, jicho lililozoea giza likipigwa na mwanga hupoteza mazoea yake, na kuyarudisha yote huweza kuchukua hata nusu saa. Na gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde.

Wengine huuliza: je, ni kosa kwa sheria? Huko Uingereza hakuna sheria iliyoikataza taa hiyo, lakini dereva akiendesha vibaya kwa ajili yake hushtakiwa. Hapa Kenya, kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hakiitaji taa ya ndani. Chakataza kuendesha bila uangalifu na bila kuwajali wenzako barabarani. Basi usimwambie hakimu, "Taa si kosa." Atakuuliza, "Ulikuwa ukiona?"

Kwa hiyo twaomba tukubaliane hivi. Karatasi zisomwe na kupangwa kabla ya kuondoka. Ikibidi kutafuta kitu, dereva atoke barabarani asimame mahali pa salama. Makanga wa matatu ahesabu nauli gari likisimama, na zile taa za rangi za kupendezesha zizimwe usiku gari liendapo.

Waajiri nao wasikie. Mtu akiambiwa afike saa fulani au akatwe mshahara, atasoma karatasi huku akiendesha. Dakika tano za kusimama ni dakika za kazi, nazo zihesabiwe hivyo. Neno hili tutalipeleka mezani kwa pamoja, asije dereva mmoja akalisema peke yake akaonekana mvivu.

Husemwa ajali haina kinga. Hii inayo, nayo ni kidole kimoja juu ya swichi. Yule wa baiskeli ni mfanyakazi kama sisi, naye anangojewa nyumbani.

Umoja ni nguvu.