Kazi Yenu Inamfaa Nani?

Waulize viongozi wengi kazi ya idara zao, watakutajia ripoti na vikao. Walio chini yao hutumwa huku na kule bila kujua ni kwa ajili ya nani, na hilo huchosha kuliko kazi yenyewe.

Profesa Wangari Maathai alianzia kwingine. Alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, alikuwa amewasikiliza wanawake wa vijijini: kuni ziko mbali, maji yanapungua, chakula hakitoshi. Aliwahimiza wapande miti, wapate kuni na udongo usichukuliwe na mvua. Tena walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kuupanda tu. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: malipo yenyewe yalieleza lengo, hata kwa asiyejua kusoma.

Basi wewe mwalimu mkuu, msimamizi wa zamu, mwenyekiti wa kijiji: kwenye kikao kijacho, mtaje mtu anayefaidika na kazi yenu. Kisha mwombe aliyeajiriwa juzi aeleze kwa maneno yake. Akikwama, mweleze upya, taratibu.