Kununua Motokaa na Kuitunza

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya ununuzi wa motokaa. Hatusemi kama mafundi wala wafanya biashara, bali kama watu waliokwisha kuumia. Maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sisi ni ndugu watatu, wakulima wa kahawa katika mlima wa Kilimanjaro. Mwaka 2016 tulichanga fedha ya misimu miwili, tukauza na ng'ombe wawili, tukashuka Dar es Salaam kununua gari la kuchukulia ndizi sokoni. Tuliliona likimetameta, na mwenye kuliuza akatuambia ya kuwa mtu mwingine yuaja kulichukua jioni ile. Tukalipa palepale, tusibakize hata fedha ya oili. Mwezi wa tatu injini ikafa njiani. Gari likakaa miezi 9 nyuma ya nyumba penye migomba, kuku wakitagia ndani yake. Na binti wa kaka yetu akakosa kuingia chuo cha ualimu mwaka ule, maana fedha ya ada yake ilikuwa imelala chini ya migomba.

Tuliponunua tena hatukufanya haraka. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, hesabu. Bei ya kununua ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni bima, petroli, oili, mipira na matengenezo. Basi tuligawa fedha yetu mafungu 5: manne ya kununulia, la tano tukaliweka lisiguswe. Kisha tukaulizia petroli. Gari lendalo kilomita 8 kwa lita moja, likienda kilomita 1,000 kwa mwezi, litakula lita 125. Gari lendalo kilomita 12 na nusu kwa lita litakula lita 80 tu. Tofauti ni lita 45 kila mwezi, yaani lita 540 kwa mwaka. Tena tukachagua gari la namna iliyo nyingi nchini, ambalo spea zake zapatikana na mafundi wa mjini kwetu wamelizoea.

Pili, asili ya gari. Magari mengi yaliyokwisha kutumika hutujia kutoka Ujapani, kwa kuwa huko nako watu huendesha upande wa kushoto, na usukani huwa kulia kama wetu. Sheria ya huko yataka gari jipya la mtu binafsi likaguliwe baada ya miaka 3, na baadaye kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Hivyo wengi huuza magari ambayo bado ni mazima. Lakini gari lililotoka melini jana si sawa na lile lililokwisha kupita mikono mitatu katika barabara za mawe.

Tatu, kulitazama. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, ufuatane na fundi wako mwenyewe, wala si fundi wa mwenye kuuza. Tazama moshi: wa buluu waonyesha kwamba injini yaunguza oili, mweusi, petroli yaingia kupita kiasi, mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, huenda maji yavuja ndani ya injini. Usiamini saa ya kilomita peke yake, kwa maana yaweza kurudishwa nyuma. Kama yasema kilomita chache, na huku mpira wa kukanyagia breki umelika na kiti kimebonyea, ujue pana uwongo. Ubavuni mwa mpira wa gurudumu mna tarakimu nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mwisho, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizoandikwa katika kadi ya gari. Asiyefanya hivyo huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nne, utunzaji. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tutazame oili na maji. Tubadili oili kwa wakati ulioandikwa katika kitabu cha gari, wala tusingoje fedha ya msimu. Tupime upepo wa mipira ikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni pa dereva. Mpira uliopungukiwa upepo hula petroli na kulika upesi. Breki zikilia, tusiongeze sauti ya redio ili tusizisikie! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nasi twaweka daftari dogo ndani ya gari. Kila lita na kila msumari huandikwa humo. Hapo mwanzo kaka yetu aliliita daftari hilo mzigo. Sasa ndiye alishikaye, maana kwa daftari hilo tuliona kwamba safari za mizigo nusu hazilipi, tukaziacha.

Gari la pili si zuri kwa kulitazama, na mlango mmoja una rangi tofauti. Lakini hushuka sokoni na kupanda salama, na ndizi zake ndizo zilizompeleka binti yetu chuoni, ingawa alichelewa. Basi, mwenzetu uliye na fedha mfukoni usiku huu, lala nayo kwanza. Kesho umtafute fundi.