Chakula Kwanza, Jezi Baadaye
 

Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka Moscow timu ya wanaume ya mpira wa magongo. Mchezo huu si mgeni kwetu.

Vijana wetu wanaoingia vyuoni watakutana na watu wazima. Magongo huchezwa umeinama. Mapaja na kiuno vikiwa dhaifu, ufundi hausaidii. Uwanja upo, JMK Park pale Kidongo Chekundu, jirani na Kariakoo. Kinachokosekana ni miezi mitatu ya kuchuchumaa, kupanda ngazi na mbio fupifupi, pamoja na maharage, mayai na dagaa vya kutosha. Mimi mhasibu, kazi yangu kukata matumizi, lakini fungu la chakula siligusi. Jezi zisubiri. Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina.