Milki ya Kipande: Mhadhara juu ya Kukata Safu za Namba



Huenda maudhui yangu yakaonekana madogo kwa hadhara kubwa kama hii, kwani nakusudia kusema juu ya mabano ya mraba na nuktapacha, alama ambazo mwandishi wa programu za Python mwenye kutumia maktaba ya NumPy huziandika kutwa nzima bila ya kuzitafakari. Lakini ndani ya alama hizo mna suala la milki, yaani namba hizi ni za nani, na asiyelijua jawabu lake huharibu hesabu zake huku akidhani kuwa anazitengeneza.

Natuchukue safu moja, tuiite joto, yenye mihimili mitatu: siku 365, latitudo 180 na longitudo 360. Jumla yake ni namba 23,652,000, na kila namba ikichukua baiti 8, safu nzima hukalia baiti 189,216,000 za kumbukumbu. Kumbukumbu ya kompyuta, hata hivyo, haijui mihimili mitatu wala miwili. Yenyewe ni mstari mmoja mrefu, na umbo tunalolidhania ni hisabu tu iliyowekwa pembeni, ikisema kwamba ili kwenda longitudo ya pili ruka baiti 8, latitudo ya pili ruka baiti 2,880, na siku ya pili ruka baiti 518,400.

Mtu aandikapo joto[0:31] ili aipate Januari, hapana hata namba moja inayohamishwa. Kinachoundwa ni maelezo mapya: anzia pale pale, ruka vile vile, ila ukomee siku ya 31. Akiandika joto[::7], apate siku moja katika kila wiki, mruko hugeuka kuwa baiti 3,628,800, na siku zinazopatikana ni 53. Na akiandika joto[::-1], mwaka mzima husomwa kinyumenyume kwa mruko wa hasi 518,400, kazi iishayo kwa kupepesa jicho kwa sababu kwa hakika hapana kazi iliyofanyika. Sijui ufundi mwingine katika fani yetu uliotimiza mengi kwa gharama haba kiasi hiki.

Gharama yenyewe ipo, ila hulipwa baadaye. Kipande cha namna hii ni kama shamba la urithi ambalo warithi hawajagawana: ndugu mmoja akikata mnazi, amewakatia wote. Chukulia kwamba vipimo vyetu ni vya Kelvin, na mwanafunzi, akitaka nyuzi za Selsiasi, akaipunguza Januari 273.15 mahali palepale, kisha mwisho wa kazi akaupunguza mwaka mzima kiasi kile kile. Mahali palipokuwa na nyuzi 28 patasomeka hasi 245.15, baridi isiyopata kutokea juu ya uso wa dunia, na programu haitatoa hata neno la onyo, maana kwa upande wake kila amri imetekelezwa barabara. Hasara nyingine ni ya kimya zaidi: mstari mmoja wa baiti 2,880 ukibaki mkononi, zile baiti milioni 189 haziwezi kuachiliwa, ingawa mwenyewe amekwisha kuzisahau.

Wala kanuni hii si ya vipande vyote. Ukiomba siku za faharisi 3, 17 na 40 kwa orodha, hupewa nakala iliyo mbali na asili yake, nayo sababu ni wazi kwa aliyefuata maelezo ya mruko: kutoka 3 hadi 17 ni hatua 14, na kutoka 17 hadi 40 ni 23, na mruko mmoja hauwezi kuwa na urefu wa namna mbili. Lugha nyingine za programu zimeshika njia tofauti: MATLAB, aliyoianzisha Cleve Moler mwishoni mwa miaka ya 1970, humpa mtumiaji kipande kisichoathiri asili. Julia nayo hutoa nakala, isipokuwa mtu aombe kinyume chake waziwazi.

Wapo wasemao kuwa njia hizo ni za busara zaidi kwa wanaoanza. Mimi sikubaliani nao. Safu za wataalamu wa hali ya hewa zinapozidi hii yetu mara mia, nakala isiyoombwa huangusha mashine, ilhali nakala inayohitajiwa huombwa kwa neno moja tu, copy. Kwa hiyo nawasihi wahadhiri wenzangu: kabla ya kumfundisha mwanafunzi mabano ya mraba, mfundisheni mruko, na katika mtihani mwulizeni, juu ya kila kipande anachokikata, namba zile zinakaa wapi.