Kopa Minyoo, Lipa Minyoo: Hotuba ya Kamati Yetu ya Mazingira



Kwa miaka 10 tumezoea kuambiana kwamba akiba haiozi. Leo tumekuja na akiba inayooza, na faida yake ni huko kuoza.

Wengi wetu tunaishi ghorofani hapa Dar es Salaam. Maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, majani ya chai, yote tunayafunga kwenye kiroba kungoja gari la taka. Likichelewa siku tatu, kwa joto letu hili, jiko linanuka, inzi wanajaa, na jirani ananuna. Likija, tunalipa vibebwe vitu ambavyo shambani kwa mama zetu vilikuwa mbolea.

Jamani, tusiogope jina la minyoo. Hawa si wale wa tumboni mwa watoto. Ni wadogo wekundu wanaokaa kwenye samadi na majani yanayooza. Nyungunyungu wakubwa wa shambani hawafai, wamezoea udongo wa chini.

Tunahitaji ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, itobolewe matundu madogo juu na chini, na beseni la kukinga maji. Ndani tunaweka magazeti yaliyochanwa, yakaloweshwa na kuminywa yabaki na unyevu tu, pamoja na konzi ya udongo. Nusu kilo ya minyoo, wakishazoea, hula kama robo kilo ya mabaki kwa siku. Tuanze na kidogo, tukatekate, tufukie chini ya magazeti inzi wasipate pa kutua. Nyama, samaki, mafuta, chumvi, pilipili na ndimu tusiwape. Machicha ya nazi nayo yana mafuta, basi tuwe na kiasi. Ndoo ikinuka, ujue chakula au maji yamezidi: acha kulisha, ongeza magazeti makavu. Joto likipita nyuzi 30 wanataabika, kwa hiyo ndoo ikae kivulini, chini ya sinki kwa mfano, siyo kibarazani juani.

Baada ya miezi 3 au 4 tutapata mbolea nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo. Fungu moja kwa manne ya udongo linatosha kuoteshea mchicha na nyanya kwenye makopo.

Sasa ombi letu. Wapo wenzetu ambao mwezi ukiwa mgumu hawafikishi hisa, mkopo wa fedha wanauogopa, na wameanza kukwepa mikutano kwa aibu. Wafugaji wanao mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Nasi tuanzishe kopa minyoo, lipa minyoo. Mwanachama achukue nusu kilo bila riba. Wakitunzwa vizuri huongezeka maradufu kwa miezi michache. Akirudisha nusu kilo, anapewa mwingine, na yeye anabaki na wake.

Hatusemi hii itamtajirisha mtu. Itampa mwenzetu mboga ya jioni, na itamrudisha mkutanoni akiwa na kitu mkononi cha kumkopesha mwenzake. Kikundi kilianza hivyo hivyo, kidogo kidogo, mkono kwa mkono.

Tunaomba wanachama mlipitishe.